Usihesabu Kila Jani: Uhalisia na Hadithi Katika Dunia za Kubuni

Leo naomba tuache kidogo mambo ya simu mpya na programu za ofisini, tuzungumzie jambo linalozua ubishi kila mara vijana wawili watatu wanaounda michezo ya kompyuta wanapokutana. Ubishi wenyewe ni huu: ukiunda dunia ya kubuni, iwe ya mchezo, ya riwaya au ya filamu, utie uhalisia kiasi gani? Je, mvua inyeshe kwa kufuata hesabu za hali ya hewa? Mhusika akikosa kula siku tatu, adhoofike? Farasi akikimbia saa nzima, achoke? Ama hayo yote tuyaache, hadithi isonge mbele?

Msimamo wangu nautaja mapema ili usisome hadi mwisho ukitafuta nilipojificha. Nasema hivi: hadithi ndiyo bwana, uhalisia ni mtumishi. Lakini mtumishi huyu lazima awe mwaminifu kabisa katika yale machache aliyotumwa. Sisi waandishi wa programu tuna ugonjwa wa kutaka kuiga kila kitu, kwa sababu kuiga ndiko tunakokujua. Kuandika kanuni ya jiwe linavyobingirika mlimani ni rahisi kuliko kuandika mazungumzo ya mama na mwanawe waliokosana. Kwa hiyo tunakimbilia mawe. Miezi inapita, pesa zinakwisha, na mradi unakufa ukiwa na mawe yanayobingirika vizuri ajabu lakini hakuna mtu hata mmoja mwenye sababu ya kuyasukuma.

Nitatoa mifano, kisha mwishoni tujaribu pamoja kuunda dunia moja ndogo ya hapa kwetu.

Sungura wa Britannia

Tuanze na Ultima Online, mchezo uliofunguliwa Marekani Septemba 1997. Ulikuwa mmoja wa michezo ya mwanzo ya intaneti iliyoweka maelfu ya watu ndani ya dunia moja kwa wakati mmoja. Richard Garriott na wenzake, akiwemo mbunifu Raph Koster, walikuwa na wazo tamu sana. Walitaka mbuga za dunia hiyo, iitwayo Britannia, ziwe na maisha yake zenyewe. Sungura wale nyasi, mbwa mwitu wale sungura, na mawindo yakipungua, mnyama mkali ashuke kijijini kwa njaa. Hapo wanakijiji wangeomba msaada, shujaa angejitokeza, na hadithi ingezaliwa yenyewe bila mwandishi kuketi na kuitunga.

Kwenye karatasi, nani angelipinga? Lakini wachezaji walipoingia walifanya kile ambacho binadamu hufanya akipewa upanga na mbuga iliyojaa wanyama: waliua kila kilichotembea. Mzunguko ule wa mla na mliwa haukupata hata nafasi ya kuanza kuzunguka. Na la kusikitisha zaidi ni kwamba wachezaji hawakujua kama kulikuwa na mzunguko wowote. Kwao, mbwa mwitu aliyefika kwa sababu ya njaa na mbwa mwitu aliyewekwa pale na namba nasibu walikuwa yule yule. Mfumo ukaishia kuondolewa.

Kuna upande wa mashine pia, na huu wanasayansi wa kompyuta tunaujua vizuri. Mnyama anayetafuta chakula lazima aangalie nani yuko karibu naye. Ukiandika msimbo bila ujanja, kila mnyama amwangalie kila mwenzake, wanyama 1,000 wanakupa ukaguzi 1,000,000. Ongeza wanyama wafike 10,000, unapata 100,000,000. Wanyama wamezidi mara kumi, kazi imezidi mara mia. Ziko mbinu za kupunguza mzigo huo, kwa mfano kuigawa ramani katika vyumba vidogo ili mnyama aangalie majirani zake tu, lakini mzigo haufutiki. Kwa hiyo seva inatoka jasho kutafuta jibu la swali ambalo hakuna mchezaji aliyeliuliza.

Hapo ndipo somo langu la kwanza lilipo. Uhalisia usioonekana na mtu ni gharama tu. Kama mwenye njaa ni mbwa mwitu, basi njaa hiyo ionekane: mbavu zitokeze, alie usiku, mzee wa kijiji aseme mwaka huu sungura wameadimika. Sentensi moja ya mzee yule ingefanya kazi kubwa kuliko mahesabu yote ya seva.

Wingi wa sayari si wingi wa hadithi

Mfano wa pili ni wa anga. Mwaka 1984 wanafunzi wawili wa Cambridge, Uingereza, David Braben na Ian Bell, walitoa mchezo uitwao Elite. Uliendeshwa na kompyuta ya BBC Micro yenye kumbukumbu ya kilobaiti 32. Picha moja ya simu yako leo hujaza nafasi hiyo mara nyingi sana. Ndani ya nafasi hiyo walipanga galaksi 8, kila moja na sayari 256, yaani sayari 2,048 kwa jumla, kila moja na jina lake, aina ya serikali yake na bei zake za bidhaa. Waliwezaje? Hawakuhifadhi sayari. Walihifadhi namba chache za mbegu, kisha kanuni moja ikawa inaziotesha sayari zile zile kila unapozitembelea.

Kinachonifurahisha ni kwamba kanuni yao ingeweza kutoa galaksi nyingi mno kupita hizo 8. Mchapishaji ndiye aliyewazuia, kwa hofu kwamba wingi wa kupindukia ungemfanya mchezaji aone kwamba yote ni mahesabu. Naona mchapishaji huyo alijua jambo. Sayari 2,048 zinaweza kuwa nchi. Zikifika mabilioni zinakuwa mchanga, na hakuna mtu anayeipa punje ya mchanga jina.

Songa mbele hadi Agosti 2016. Kampuni ndogo ya Uingereza, Hello Games, ilitoa No Man's Sky kwa kutumia wazo hilo hilo la mbegu. Safari hii idadi ya sayari ilikuwa 2 kwa kipeo cha 64, yaani zaidi ya 18,000,000,000,000,000,000. Wachezaji wengi walichoka mapema. Walilalamika kwamba sayari ya ishirini ilifanana mno na ya tatu, na kwamba hapakuwa na la maana la kufanya huko. Kwa haki ya waundaji, waliendelea kuurekebisha mwaka baada ya mwaka, na leo unasifiwa na wengi waliokuwa wameutupa. Lakini angalia walichoongeza katika miaka hiyo: nafasi ya kujenga makao, kucheza na wenzako, kufuata visa na kazi zenye mwanzo na mwisho. Sayari zilikuwepo nyingi tangu siku ya kwanza. Kilichokosekana ni sababu ya kukaa kwenye mojawapo.

Basi la jangwani

Kama bado unaamini kwamba uhalisia zaidi daima ni bora, nakuletea Desert Bus. Huu ulikuwa sehemu ya mkusanyiko wa michezo uliotengenezwa mwaka 1995 kwa ajili ya wachekeshaji wa mazingaombwe wa Marekani, Penn na Teller, ambao haukuwahi kutolewa rasmi. Unaendesha basi kutoka Tucson hadi Las Vegas. Mwendo wa juu ni maili 45 kwa saa. Safari ni ya saa 8, saa 8 za kweli, za ukutani. Barabara imenyooka, hakuna magari mengine, lakini basi huvuta kidogo upande wa kulia, hivyo huwezi kuachilia usukani uende kunywa chai. Huwezi kuusimamisha. Ukifika unapewa pointi moja.

Ulikuwa mzaha wa makusudi. Hakuna aliyetia chumvi. Lakini kuwa sahihi kama safari halisi hakukuufanya uwe na maana. Aliyewahi kupanda basi la Mombasa kwenda Nairobi anajua kwamba akifika nyumbani na kuulizwa habari za safari, hasimulii kilomita zote 480. Anasimulia gurudumu lililopasuka Mtito Andei na mama aliyekuwa na kuku ndani ya mfuko. Kusimulia ni kuchagua. Muundaji asiyechagua anamwachia mgeni wake kazi yote.

Wazee wetu walilijua hili

Sasa mtaniambia: huyu anataka tuandike uongo wowote tu, mradi hadithi iende. Hapana. Na hapa sihitaji kwenda Marekani kutafuta ushahidi.

Mwaka 1951 kilichapishwa kitabu cha Shaaban Robert kiitwacho Kusadikika. Ni habari za nchi inayoelea angani. Nchi hiyo haishikiliwi na kamba wala injini, na mwandishi hapotezi muda kueleza ni kwa nini haianguki. Lakini nchi hiyo ina baraza, ina mshitakiwa aitwaye Karama, na ina habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, kila mmoja akarudi na maarifa, na kila mmoja akalipwa adhabu badala ya shukrani. Msomaji anaikubali nchi ya angani katika ukurasa wa kwanza, kisha anaanza kudai haki ndani yake. Anakasirika wajumbe wanapofungwa. Jina lenyewe la kitabu ni somo tosha kwa fani yetu. Kusadikika si sawa na kuwa kweli. Kitu kinaweza kisiwezekane kabisa na bado kikasadikika, ili mradi watu wake wana tabia za watu na sheria zake hazigeuki-geuki.

Tazama pia kisa cha Fumo Liyongo, shujaa wa pwani yetu ambaye utenzi wake uliandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Liyongo hauawi na mkuki wala mshale. Kitu kimoja tu kinaweza kumwua: sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Kwa hesabu za mwili wa binadamu hilo halina kichwa wala miguu. Lakini sheria ikishawekwa, haivunjwi. Maadui wakitaka kumwua, lazima waijue siri. Wakitaka kuijua, lazima wapate mtu anayeaminiwa naye, na mtu huyo ni mwanawe. Yaani usaliti wote, uchungu wote wa kisa kile, unatoka katika sheria moja ya kubuni inayoheshimiwa hadi mwisho. Na anapokufa, anakufa amepiga goti karibu na kisima, upinde mkononi, na watu wanaogopa kwenda kuteka maji kwa sababu hawajui kama amekufa. Hofu yao ni ya kweli kabisa, na kiu yao pia.

Fikiria kama msimulizi angeongeza katikati kwamba, ah, kumbe hata upanga ungetosha. Kisa kingevunjika papo hapo. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na mtunzi wa dunia za kubuni ni mwongo aliyepewa ruhusa. Njia yake hurefuka kwa kadiri anavyokumbuka alichosema jana.

Kwa lugha ya kazi yetu: una haki ya kutangaza thamani yoyote mwanzoni mwa programu. Ukishaitangaza kuwa haibadiliki, usiibadilishe kwenye mstari wa 4,000 kwa sababu umebanwa.

Lakini je, Dwarf Fortress?

Kila nikisema haya, kuna mtu hunitajia Dwarf Fortress, na ana haki ya kunitajia. Ndugu wawili wa Marekani, Tarn na Zach Adams, walianza kuuandika mwaka 2002, wakautoa bure mwaka 2006, na toleo la kuuzwa likaja Desemba 2022. Mchezo huu huiga karibu kila kitu: tabaka za miamba, hali ya hewa, viungo vya mwili mmoja mmoja, huzuni ya mbilikimo aliyefiwa. Na hadithi zinazotokana nao ni za ajabu.

Maarufu kuliko zote ni ile ya paka. Baada ya vilabu vya pombe kuongezwa mwishoni mwa 2015, wachezaji wakaona paka wanakufa ovyo. Uchunguzi ukaonyesha kwamba pombe ilimwagika sakafuni, paka wakaikanyaga, wakajilamba miguu kama paka wafanyavyo, na hesabu ikawa inahesabu kila mlambo kama kikombe kizima cha pombe. Paka wakafa kwa ulevi! Hakuna mwandishi aliyepanga kisa hicho.

Je, hilo linaangusha hoja yangu? Naona linaiunga mkono, kwa sababu mbili. Kwanza, mchezo ule haufichi mahesabu yake. Unaandika kumbukumbu za vita, za koo na za maafa, na mchezaji anaweza kufuata chanzo cha jambo hadi mwisho, kama walivyofuatwa paka wale. Mbwa mwitu wa Britannia hawakuwa na mwandishi wa kumbukumbu. Pili, na hili wengi hawalijui, Zach huandika hadithi fupi, kisha ndugu hao huzichambua wakiuliza: ili kisa kama hiki kiweze kutokea ndani ya mchezo, tunahitaji kuiga nini? Hadithi inatangulia, uigaji unafuata. Hata pale palipo na uhalisia mwingi kuliko kwingine kote, bwana na mtumishi ni wale wale.

Na usisahau gharama. Hiyo ni kazi ya zaidi ya miaka 20 ya watu wawili. Kabla ya kusema utafanya kama wao, uliza kodi ya nyumba italipwa na nani.

Namba zinazodanganya

Kuna pembe moja ya mjadala huu ambapo naona hatari ya kweli, nayo ni bahati nasibu. Mwaka 2010, katika mkutano wa waundaji wa michezo San Francisco, Sid Meier, baba wa mchezo wa Civilization, alieleza kwamba mchezaji akiambiwa jeshi lake lina nguvu tatu kwa moja, kisha akashindwa, hukasirika na kuona mchezo umeharibika. Hesabu inasema atashindwa mara moja katika kila nne. Moyo wake unasema tatu kwa moja ni ushindi. Kwa hiyo timu yake iliipinda hesabu ili ifanane na moyo.

Mfululizo wa michezo ya Fire Emblem kutoka Japani ulifanya vivyo hivyo kimya kimya kuanzia toleo la mwaka 2002. Skrini inakwambia una nafasi ya 90 kwa mia kumpiga adui. Nyuma ya pazia kompyuta huchagua namba mbili kati ya 0 na 99, inachukua wastani wake, na ukiwa chini ya 90 umempiga. Fanya hesabu mwenyewe uone: nafasi yako halisi ni 98.1 kwa mia. Na pale inapoandikwa 10, nafasi halisi ni 2.1 tu. Yaani linaloonekana hakika limekaribia hakika zaidi, na lisiloelekea limezidi kutoelekea. Mchezaji anaona dunia ina haki, kumbe imepindwa ili aone hivyo.

Je, huo ni udanganyifu? Ni udanganyifu wa msimulizi, na mimi naukubali. Msimulizi anayesema "paukwa" ameshakuomba ruhusa, nawe umeitikia "pakawa". Unachopoteza ni jeshi la kubuni tu.

Lakini mbinu ile ile, mikononi mwa mtu anayeuza masanduku ya bahati ndani ya mchezo kwa pesa taslimu, si usimulizi tena. Pale namba ikionekana kubwa kuliko ilivyo, mtu ameibiwa. Ndiyo maana China iliwalazimu waendeshaji wa michezo kutangaza nafasi halisi za kushinda kuanzia Mei 2017, na mamlaka ya kamari ya Ubelgiji ikatamka mwaka 2018 kwamba baadhi ya masanduku hayo ni kamari. Sisi Wakenya hatuhitaji kufundishwa jinsi kijana anavyoweza kumaliza mshahara kwa kuamini hisia zake kuhusu bahati, kwa maana tumeona kamari ya simu ilivyoingia hadi vijijini. Kwa hiyo nasema wazi: ukiwa muundaji, pinda hesabu utakavyo ndani ya hadithi. Pesa ya mtu ikishaingia, hesabu inyooke na ionekane. Hapo sikubali hoja ya "lakini mchezaji anafurahia".

Tujaribu: matatu ya Nairobi

Maneno matupu hayajengi mchezo. Tuseme wewe ni mtu mmoja, una kazi ya mchana, na una saa 500 za usiku na wikendi. Unataka kuunda mchezo wa matatu jijini Nairobi. Uige nini?

Mimi ningepitisha kila jambo katika maswali matatu. Je, mchezaji ataliona? Je, litamlazimu achague? Je, likikosewa, Mnairobi yeyote atalitambua? Jambo lisilopata "ndiyo" hata moja, litupe bila huruma. Linalopata tatu, lishughulikie kwa bidii zako zote.

Msuguano wa tairi na lami: hakuna atakayeuona, haumlazimu mtu achague, na dereva mwenyewe hajui hesabu yake. Tupa. Tumia fizikia ya kawaida inayokuja na injini ya mchezo, uendelee.

Mvua: mvua ikinyesha Nairobi, nauli inapanda na msongamano unakwama. Mchezaji ataona, itamlazimu achague kati ya kupandisha nauli apate pesa leo au kubakisha jina zuri kwa abiria wa kila siku, na ukiiacha nje kila mkazi wa jiji atakucheka. Mvua ipate saa zako nyingi. Lakini angalia, huhitaji mawingu yanayohesabiwa kwa joto na unyevu. Unahitaji mvua inayoanza saa kumi na moja jioni, wakati mbaya kuliko wote.

Makanga: huyu ndiye hadithi yenyewe. Mpe jina, mpe deni, mpe mama anayempigia simu kutoka nyumbani. Akiiba shilingi 200 za nauli, mchezaji aamue kama anamfukuza. Hapa usihesabu kwa namba nasibu. Hapa andika.

Wakati pia: hadithi ni ya mwaka gani? Ukiiweka Nairobi ya 2002, vijana waning'inie mlangoni na muziki uvume hadi madirisha yatetemeke. Ukiiweka baada ya Februari 2004, sheria za Michuki zimeanza: mkanda kwa kila kiti, ukanda wa manjano ubavuni, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Kila mwaka una sheria zake, na ukizichanganya, mchezaji wa hapa atahisi kuna kitu hakiko sawa hata akishindwa kukitaja. Huu ndio uhalisia ambao hauhitaji kompyuta yenye nguvu. Unahitaji muundaji aliyepanda matatu akiwa macho.

Ndiyo maana jambo hili linanigusa. Muda wetu ni mdogo na mitaji yetu ni midogo. Mwaka 2015 ilitolewa Nairobi X, mchezo wa Kikenya ambamo viumbe kutoka anga za mbali wanalivamia jiji letu. Mwaka 2016 vijana wa Kiro'o Games wa Kameruni wakatoa Aurion, wenye dunia iliyochota katika mila za Kiafrika. Hawakuweza kushindana na kampuni kubwa za Marekani kwa wingi wa nywele kichwani mwa farasi, na hawakuhitaji. Kila kijana wa kwetu anayetumia miaka mitatu akiiga mawimbi ya bahari, kisha akachoka na kuacha, anatuacha bila mchezo. Mtaka yote hukosa yote.

Basi ukiketi usiku huu kufungua mradi wako, kabla ya kuongeza kanuni nyingine ya upepo, andika kwanza sentensi moja: nani anataka nini, na nani anamzuia. Kisha iga tu yale yanayomsaidia au kumkwaza mtu huyo. Mengine waachie kina Adams wenye miaka yao 20.

Siku nyingine nitaandika jinsi ya kuotesha ramani kwa namba ya mbegu, pamoja na msimbo wake, kwa wale wanaotaka kujaribu. Hadi hapo, kazi njema.